Mashine Iliyomtambua Mama

Duka lililo mbele ya nyumba zetu, kusini mwa Louisville, limekuwa adui yangu kwa miaka saba. Unga wa muhogo wameuficha nyuma kabisa, karibu na chakula cha mbwa. Mchicha ukiulizia, unaambiwa urudi Alhamisi. Nimegombana na wauzaji wote wa zamu ya mchana na bado sijalihama, kwa sababu Mama aliweza kulifikia kwa miguu yake bila kuvuka barabara kubwa, na mtu mwenye mzazi mzee hachagui duka kwa uzuri wa mchicha.

Mwaka juzi, baridi ilipoanza, waliondoa friji ya barafu iliyokuwa kati ya mayai na mlango wa choo, wakaweka mashine. Ilikuwa nyeusi, ndefu kuliko mume wangu, na kioo chake cha mbele kilikuwa kimezimika mpaka mtu apite. Ukipita, kinajiwasha. Siku ya kwanza niliruka pembeni na trei ya mayai mkononi, nikaitukana kwa Kirundi, kisha nikatazama huku na huku kama kuna mtu aliyeniona.

Mume wangu ni Mkongo wa Kivu. Tulioana kwenye kambi ya wakimbizi, na hakuna jambo ambalo hawezi kulifanyia mzaha. Aliporudi kutoka kazini nikamweleza habari za kabati linalojiwasha lenyewe. Akacheka.

“Bibi yangu, ile mashini iko nauzisha masasi.”

“Masasi gani?”

“Ya bunduki, bon. Unaingiza ID, inakuangaliya mu sura. Kama iko ni weye kweli, inakuangushia kartoni yako. Sawa soda.”

“Acha uongo. Kesho kuna meza ya Bwana.”

“Haki ya Mungu. Tuko Amerika, mama.”

Kesho yake baada ya ibada nilienda kuhakikisha, maana mimi ni mtu wa kuona kwa macho. Alikuwapo mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe, na kwenye toroli lake kulikuwa na maziwa, nepi na mkate. Akaingiza kitambulisho. Akavua miwani, akainua uso. Mashine ikamtazama, naye akaitazama, kwa muda ambao ungetosha kusema Baba Yetu hadi katikati. Kisha kitu kizito kikaanguka ndani, mlango mdogo ukafunguka chini, akachukua boksi dogo. Akaliweka juu ya mkate, halafu akalihamishia kwenye nepi ili mkate usibonyee.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hilo ndilo lililonitisha. Sisi tulikimbia risasi tukiwa na magodoro kichwani, na baadhi yetu hawakufika. Sasa nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka zilipo, nikikagua mayai kama kuna lililopasuka. Nilipoondoka kioo kiliwaka, nikaona uso wangu humo, umezungushiwa mraba mwembamba wa kijani. Nikaenda kushoto, mraba ukaja kushoto. Nikainama, ukabaki pale juu ukinisubiri.

Nikaamua mashine ile na mimi hatutajuana. Nilipokwenda kununua mayai nilipitia njia ya sabuni.

Mama alikuwa akiishi kwangu. Amezaa watoto saba, tumebaki watatu, na Marekani ilitutawanya kama ilivyopenda kwa sababu mafaili yetu kule kambini yalikuwa tofauti: mimi Louisville, mdogo wangu wa kiume Columbus, na kitinda mimba wetu Buffalo. Mama alitembezwa kwa watoto wote kama kiti cha wageni. Majira ya joto alikwenda Buffalo, akirudi alikaa miezi miwili Columbus, na baridi ikianza aliletwa kwangu, kwa sababu theluji ya Buffalo ilimliza machozi ya kweli. Kwenye karatasi alizaliwa Januari mosi, kama nusu ya kanisa letu. Umri wake halisi anaujua Mungu.

Ili mtu aelewe yaliyotokea lazima nieleze posho. Kambini, Tanzania, chakula kilitolewa kwa siku maalumu, na siku hiyo tuliiita siku ya posho. Unapanga mstari tangu asubuhi, kadi imening’inia shingoni kwa uzi. Unafika mbele, unapimiwa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, kwa hesabu ya watu wa nyumba yako. Miaka ya mwisho wakaleta kifaa cha kusoma vidole. Vijana walikishangilia. Mama alikuwa amelima mashamba ya watu na kuponda kokoto miaka mingi mno, vidole vyake vilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na kifaa hakikuona kitu. Alijipangusa kwenye kanga, akajaribu tena, akajaribu kidole kingine, akajaribu mkono mwingine. Yule karani, kijana mwenye adabu tu, akamwambia, “Mama, kifaa kinasema wewe si wewe.”

Nilikuwa nyuma yake nimeshika gunia. Mama akamjibu, “Kama mimi si mimi, hii njaa ni ya nani?” Watu wakacheka, karani naye akacheka, lakini siku ile tulirudi na gunia tupu, tukala kwa majirani. Ikatokea tena na tena. Kila siku ya posho alikuwa haongei tangu jana yake.

Kule Columbus mdogo wangu alifanya kazi katika ghala moja la Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, akipakia mizigo. Mwaka jana, wakati wa mvua za mwanzo wa masika yao, aliumia mgongo. Kazi ikaisha, kuendesha gari kukaisha, na mwisho hata maneno yakaisha. Mke wake, wifi yangu, alifanya kazi ya kuhudumia wazee, na alipokuwa akiondoka asubuhi alimwacha mumewe ameketi kitandani, na aliporudi jioni alimkuta vilevile, kiatu kikiwa mguu mmoja. Kwa simu mdogo wangu aliniambia “niko salama” kila mara, kwa sauti ileile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukoo wetu ni bingwa wa kuficha.

Siku moja wifi akanipigia akiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Miaka miwili nyuma mumewe alinunua bastola kwa sababu ya wezi wa pale kwao. Imo kwenye kisanduku cha chuma, ufunguo anao yeye na hataki kuutoa. “Wifi, ameanza kuniuliza nikibaki peke yangu na watoto hawa watatu nitahamia kwa nani,” akasema. “Risasi nimeziondoa zote, nimezipeleka mbali. Kadi ya benki ninayo mimi, gari naendesha mimi. Bastola haina kitu cha kula.”

Alisema hivyohivyo, haina kitu cha kula. Nilimwambia amefanya vizuri. Tukakubaliana sisi watatu, mimi na yeye na mdogo wetu wa Buffalo, kwamba mchungaji wa kule azungumze naye, kwamba daktari atafutwe, na kwamba Mama asiambiwe lolote. Mimi ndiye niliyesisitiza Mama asiambiwe. Nilijiona nina busara sana.

Na Mama baridi iliyofuata alikuwa na furaha, jambo ambalo lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili. Kila tarehe za mwanzo wa mwezi, fedha zake za wazee zikishaingia kwenye kadi, alivaa kitenge chake cha kanisani, akakitundika kitambulisho chake cha Kentucky shingoni kwa uzi, akaniambia, “Leo ni siku ya posho.” Mimi nilifikiri ni mzaha wa kizee, kwamba anakwenda kununua vitu vyake dukani. Nikimwuliza mwanangu, “Bibi yuko wapi?” alinijibu bila kuinua macho kwenye simu, “At the store.” Bibi akarudi amebeba mfuko mdogo kwa mikono miwili.

“Siku hizi wanatoa kidogo,” akasema siku moja, akihema kwenye ngazi, “lakini kizito.”

Nikacheka. Nikadhani ni samaki wa makopo.

Mwezi uliofuata kwaya yetu ilialikwa Columbus. Kwetu mtu hasafiri kwenda mji wenye ndugu wa jirani yake akiwa mikono mitupu. Mama akatengeneza mzigo wa mwanawe kwa namna yake ya siku zote: maharage kwenye mfuko wa nguo, dagaa juu, halafu mdomo wa mfuko akaushona kwa sindano na uzi mnene, mishono mifupi iliyokaribiana. Mama hafungi mzigo, hushona. Mzigo ulioshonwa haufunguliwi na mtu mwingine hata kama umekaa kwako mwezi mzima, kila mtu wa kambini analijua hilo. Mimi mwenyewe niliubeba hadi kwenye gari la kwaya. Nikamwambia ni mzito, akaniambia maharage ya mwaka huu yamekauka vizuri. Nikauweka chini ya kiti, nikawatakia safari njema.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, asubuhi, niliishiwa na mafuta ya kupikia. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyolowesha ila inaudhi. Nilipoingia dukani nikaona mstari mfupi mbele ya ile mashine, watu watatu, na wa mbele alikuwa mama yangu.

Alikuwa amevua kilemba. Nywele zake nyeupe, ambazo hata mimi huziona akioga tu, zilikuwa wazi mbele za watu. Alisimama wima, kidevu juu, mikono imenyooka ubavuni, macho yamefunguliwa hadi mwisho kama tulivyofundishwa kusimama tulipopigwa picha za kadi. Mraba wa kijani ulikuwa umemzunguka uso na umetulia kabisa. Nyuma yake mwanamume mwenye kofia alisubiri, na mwingine mwenye mtoto begani. Hakuna aliyeharakisha. Yule mwenye kofia akamwambia kwa upole, “Take your time, ma’am.”

Kidole cha Mama kilibonyeza picha moja bila kutafuta, kikabonyeza tena, kisha mkono ukachomeka kadi. Kitu kizito kikaanguka. Alipiga goti kidogo, kama mtu anayepokea kutoka kwa mkubwa wake, akalitoa boksi kwa mikono miwili na kuishukuru mashine kwa Kiswahili. Alipogeuka akaniona, uso ukachanua.

“Umekuja na gunia?” akaniuliza.

Nimewahi kuogopa maishani, na nilidhani najua woga ulivyo. Ule wa siku ile ulikuwa na baridi yake peke yake. Nilimshika mkono, tukatembea hadi nyumbani, na njia nzima alinisimulia. Alikuwa ameona watu wakipanga mstari, wanaonyesha kadi, wanainua nyuso, wanapewa kiboksi. Nani amweleze zaidi? Yeye alisimama kwenye mstari wa namna hiyo miaka kumi na minane. Mara ya kwanza yule kijana wa kofia, au mwingine mwenye kofia, ndiye aliyemwonyesha pa kubonyeza. Tangu hapo alibonyeza palepale.

“Na haijanikataa hata siku moja,” akasema. “Hawaulizi kidole. Inaniangalia tu, inajua ni mimi.”

Mume wangu alikuwa nyumbani. Tuliingia chumbani kwa Mama sisi wawili, naye akaliweka boksi jipya pamoja na mengine, akatuonyesha mwenyewe kwa fahari. Chini ya kitanda alikuwa ametandika kanga, na juu ya kanga maboksi yamepangwa kwa mafungu, kila fungu na mpaka wake, kama alivyokuwa akipanga makopo ya mahindi sakafuni. Akaanza kuyataja moja moja, hili la nani na hili la nani. La kwanza langu. La pili la kitinda mimba, atalichukua akija. Manne yaliyofuata aliyataja kwa majina ambayo nyumbani kwetu hayajatajwa kwa sauti tangu tulipowazika wenyewe, wawili njiani na wawili kambini. Aliwataja kama watu waliotoka kidogo kuchota maji.

“Hivi Mama,” nikasema, “haya ni sita.”

“Hesabu unaijua,” akanijibu. “La saba la mdogo wako wa Columbus. Lake nimeshampelekea na kwaya. Nimeliweka katikati ya maharage lisiibwe.”

Sikumbuki nilivyotoka chumbani. Nakumbuka nimekaa kwenye ukingo wa bafu nikimpigia mdogo wangu, simu inaita hadi mwisho, naanza upya. Nilimpigia wifi, yake ilikuwa imezimwa, maana kazini kwake simu huachwa kwenye kabati. Nikampigia mdogo wetu wa Buffalo. Jumamosi hufanya zamu ya ziada kiwandani Tonawanda, na sijui ni malaika gani aliyemfanya ashike simu. Nilimweleza kwa maneno matano. Akasema, “Piga polisi, dada.”

Mume wangu alikuwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, na mzaha wake wote umemtoka.

“Bapolisi bakifika, bakute iko na bunduki, bataanza kuuliza?” akasema. “Donc, twende. Tunaenda sisi wenyewe. Na yule wa Buffalo atafute kazi ya shemeji, apige mpaka bamutoe.”

Mtu anaweza kunihukumu kwa hilo. Mimi mwenyewe nimejihukumu. Mdogo wetu aliondoka kwenye mstari wa mashine zao, akatafuta namba ya nyumba ile ya wazee, akapiga, akapiga, hadi msimamizi akaenda kumwita wifi. Mchungaji wa kule alikuwa msibani mji mwingine. Sisi tuliingia garini. Mama alikataa kubaki. Alivaa kilemba chake upya, akaketi kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akasema muda mrefu hajamwona mwanawe.

Kutoka Louisville hadi Columbus ni saa tatu na nusu. Tulivuka mto Ohio pale Cincinnati katika ukungu ambao haukuonyesha maji wala upande wa pili, daraja tu, kama limejengwa kwenda popote litakapofika. Mume wangu hakuwasha redio. Nyuma yangu Mama aliimba pambio kwa sauti ya chini, la kuvuna, akirudia ubeti mmoja kwa sababu mingine ameisahau. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilitaka kugeuka nimwulize ni kitu gani alichofikiri kimo ndani ya maboksi yale, kwa nini hakufungua hata moja, na nilijua jibu: posho haifunguliwi mpaka igawiwe. Nilimkasirikia mama yangu kwa hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mtu, na papo hapo nilikuwa nikijikasirikia zaidi, mimi niliyebeba mzigo ule kwa mikono yangu hadi chini ya kiti.

“Ameshaupata,” Mama akasema ghafla, katikati ya pambio. “Amenipigia leo.”

Niligeuka. “Nani amekupigia?”

“Mdogo wako. Asubuhi, ulipokuwa unaoga. Alikuwa na sauti nzuri.”

Nilimwuliza alisema nini. Akafikiri, akatazama nje, akasema amesahau, walisalimiana tu. Mume wangu akakanyaga mafuta.

Wifi alituma ujumbe tukiwa bado mbali: nimefika. Baada ya hapo hakujibu kitu, na kila kilomita niliyopita nikiwa nimeshika simu ile ilinizeesha. Tulipofika, gari lake lilikuwa limeegeshwa upande, mlango wa dereva wazi, taa ya ndani inawaka mchana. Mlango wa nyumba haukufungwa. Nilitangulia mimi.

Walikuwa jikoni. Wifi ameketi na koti lake la kazini, viganja viwili vimelala mezani. Mdogo wangu ameketi ng’ambo yake, amenyoa ndevu. Mfuko wa Mama ulikuwa umefumuliwa, uzi umewekwa kando vizuri, maharage yamemwagwa kwenye trei. Na mezani kulikuwa na sahani tano za plastiki, zile za watoto zenye rangi. Kwenye sahani nne kulikuwa na risasi moja moja katikati, imesimamishwa. Sahani ya tano, iliyokuwa mbele yake, ilikuwa tupu.

Mama alipita katikati yetu, akampapasa mwanawe kichwani, akamwambia amekonda. Kisha akavuta kiti, akasogeza trei ya maharage, akaanza kuchambua mawe.

“Watoto wako wapi?” nikauliza.

“Kwa jirani,” wifi akasema. “Tangu asubuhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka.”

Mdogo wangu alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kuona kwamba yumo ndani ya macho yake.

“Dada,” akasema, “nilidhani Mama ameniruhusu.”

Mume wangu alitoka nje, nikamsikia analia kibarazani. Mimi nilivuta kiti nikakaa. Mdogo wangu akasimulia polepole, bila haya. Mzigo ulikaa siku nne hajaufungua, hakuwa na haja ya maharage. Asubuhi ile akafumua mishono, akaona boksi la risasi, nazo zilikuwa za bastola yake hasa. Nani alijua? Hakumwambia mtu. Zimetoka kwa mama yake, zimeshonwa kwa mkono wake, zimemfikia wiki ambayo alikuwa ameomba apewe ishara. Akawapeleka watoto kwa jirani. Akanyoa. Akampigia Mama amshukuru na kumuaga.

“Akaniambia, ‘Umeipata? Basi gawa. Mkeo fungu lake, watoto kila mmoja fungu lake, usimpunje mtu.’ Nikafanya kama alivyosema. Sijui kwa nini. Ni Mama, amesema gawa, nikagawa. Nilipomaliza nikatazama meza.” Akaigusa ile sahani tupu. “Nikaona nikila mimi, hawa wote wameshakula.”

Wifi alinyoosha mkono, na mdogo wangu akatoa ufunguo wa kisanduku mfukoni akauweka ndani ya kiganja chake bila kuambiwa neno. Mume wangu aliporudi aliokota risasi zile kwenye sahani, moja moja, akazifunga kwenye leso. Mambo ya daktari yalifuata Jumatatu, na yanaendelea hadi leo, kwa siku nzuri na siku mbaya. Mama naye daktari amemwona, na kuhusu kumbukumbu zake ametuambia lile ambalo mtu mwenye macho hakuhitaji kuambiwa. Sasa anakaa Columbus moja kwa moja.

Lakini siku ile jikoni nilikuwa sijamaliza kuogopa. Nilitazama ile sahani ya tano.

“Na hii yako?” nikamwuliza. “Mbona hukujiwekea?”

“Nilimwuliza Mama hilo kwenye simu,” akasema. “Nikamwambia, Mama, na mimi nile lini? Si unakumbuka ilivyokuwa kwetu, anayegawa hula wa mwisho. Akaniambia, ‘Wewe ni baba. Subiri kwanza watoto washibe.’”

Mama akaitika kwa kichwa, macho yakiwa kwenye maharage.

“Na watoto wenyewe unawajua,” mdogo wangu akasema. “Hawashibi. Basi ninasubiri.”